Habari za Sikukuu ya Tiara Katika Bara Hindi

(Hotuba iliyosemwa mbele ya wazee, waalimu na watu wa wilaya)



Nimeombwa niseme nanyi leo juu ya jambo nililoliona kwa macho yangu katika Bara Hindi, nilipokaa huko miaka miwili kwa masomo. Nilifikiri sana ni jambo gani lifaalo. Ningeweza kuwaelezea habari za viwanda vyao vya nguo, au reli zao, lakini hayo mmekwisha kuyasoma mara nyingi. Basi nimechagua habari za tiara. Naona baadhi yenu mnacheka, nami siwalaumu, maana kwetu tiara ni mchezo wa watoto. Mtu mzima akionekana na tiara mkononi, watu watauliza kama akili zake ni timamu. Lakini iko nchi ambamo siku moja katika mwaka hakimu, daktari, mwenye duka, bibi mwenye wajukuu na mchukuzi wa mizigo, wote hupanda juu ya nyumba zao tangu asubuhi, wakarusha tiara mpaka jua likazama. Na katika mchezo huo mna furaha kubwa, tena mna damu. Ndiyo sababu nikaona kuwa yafaa usemwe mbele ya watu wazima.

Mji nilioukaa ni Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat, upande wa magharibi wa Bara Hindi. Ulianzishwa mwaka 1411 na Sultani Ahmad Shah kando ya mto Sabarmati. Wengi katika Wahindi mnaowajua ninyi, wenye maduka katika miji yetu, asili ya baba zao ni Gujarat hiyo na nchi ya Kutch iliyo sehemu yake. Nao walikuja pwani yetu kwa vyombo vya matanga, wakisukumwa na upepo wa kaskazi. Tafadhali uwekeni upepo huo moyoni, maana tutauhitaji tena.

Mji wa kale wa Ahmedabad umegawanyika katika mitaa iitwayo pol. Pol ni kichochoro chenye lango lake, na nyumba zake zimeshikamana ukuta kwa ukuta hata mtu aweza kutoka juu ya nyumba moja akapita juu ya nyumba ya pili na ya tatu pasipo kushuka chini. Mwaka 2017 mji huo wa kale uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, nao ndio uliokuwa mji wa kwanza wa Bara Hindi kupata heshima hiyo. Katikati ya pol nyingi husimama nguzo ya mti au ya jiwe, na juu yake pana kijumba kidogo kilichotiwa nakshi nzuri. Mimi nilipokiona mara ya kwanza nilidhani ni mahali pa ibada. Sivyo. Huitwa chabutro, na kazi yake ni kuwawekea ndege nafaka na maji. Watu wa pol huchanga nafaka, na kila asubuhi mmoja wao huimwaga pale juu. Katika miji yote niliyoiona sijapata kuona mji mwingine uliowajengea ndege nyumba namna hii.

Sasa nieleze sikukuu yenyewe. Kwa Kigujarati huitwa Uttarayan, na mahali pengi pengine pa Bara Hindi huitwa Makar Sankranti. Sikukuu nyingi za Wahindu, wale ambao wazee wetu waliwaita Mabanyani, hufuata mwezi, kwa hiyo tarehe zake huhama kila mwaka. Hii hufuata jua, nayo huangukia tarehe 14 Januari, na mara nyingine tarehe 15. Sisi nasi tunayo ya jamaa hiyo: Siku ya Mwaka huko Makunduchi katika Unguja huhesabiwa kwa jua wala si kwa mwezi. Maana ya neno Uttarayan ni mwendo wa kaskazini. Mwendo wa nani? Wa jua.

Ninyi waalimu mwaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili bila ya gharama hata senti moja. Chomekeni kijiti kilichonyoka katika uwanja wa shule, mkatie alama mwisho wa kivuli chake saa sita ya mchana, kila juma mara moja. Mwezi wa Desemba mtaona kivuli kimeangukia upande wa kaskazini, kwa kuwa jua liko kusini yetu. Tarehe 21 au 22 ya mwezi huo jua hufika mwisho wa safari yake ya kusini, likageuka, na kivuli huanza kufupika. Mwezi wa Juni mtakikuta kivuli kimehamia upande wa kusini. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta kugeuka huko hakutushughulishi sana, maana usiku na mchana wetu karibu ni sawasawa mwaka mzima. Lakini Ahmedabad iko mbali kaskazini, na wakati wa Desemba usiku wake ni mrefu na baridi yake huingia mifupani; mimi nililala kwa mablanketi mawili na soksi. Kwa watu wale, habari ya kwamba jua limegeuka na linawarudia ni habari njema kweli kweli.

Mwenye akili atauliza: Ikiwa jua hugeuka Desemba, mbona wao husherehekea Januari? Nami niliuliza hivyo hivyo. Jibu ni kwamba hesabu yao hufuata nyota. Siku ile kwa hesabu yao ndiyo jua liingiapo katika buruji ya Makara, ambayo wanafalaki wetu wa pwani huiita Jadi. Zamani siku hizo mbili, ya kugeuka kwa jua na ya kuingia Jadi, zilikuwa moja. Lakini dunia yetu huyumba kama pia inayokaribia kuchoka, polepole mno, hata kuyumba mara moja kwa mzunguko mzima huchukua karibu miaka 26,000. Kwa ajili hiyo siku hizo mbili zimekuwa zikiachana, siku moja katika kila miaka 70 au zaidi kidogo, na tangu zilipokuwa pamoja imepita yapata miaka 1,700. Tofauti yake leo ni siku 23 au 24. Wahindi wenyewe wanalijua jambo hili, na wanafalaki wao hulijadili. Lakini watu wa pol hawana haja nalo. Siku yao ni tarehe 14, basi.

Katika kitabu chao kikubwa cha Mahabharata mna habari za shujaa mzee aitwaye Bhishma, aliyechomwa mishale mingi vitani hata akalala juu ya mishale ile kama mtu alalaye juu ya kitanda. Alikuwa amejaliwa kuichagua saa ya kufa kwake, naye akavumilia maumivu akangoja mpaka jua lilipogeuka kaskazini, ndipo akakata roho. Basi mwaona jinsi siku hiyo inavyohesabiwa kuwa ya heri. Watu huamka mapema wakaoga, wakatoa sadaka kwa maskini, wakawapa ng'ombe majani mabichi. Wakaao karibu na mto Ganges humiminika mtoni kuoga. Katika nchi ya Watamil siku hizo huitwa Pongal, nao hupika mchele mpya kwa maziwa mpaka chungu kifurike. Huko Punjab huwasha mioto mikubwa usiku wa kuamkia. Na watu wa Maharashtra hupeana vitamutamu vya ufuta na sukari guru, wakiagana kusema maneno matamu mwaka mzima. Kila nchi na desturi yake.

Ama desturi ya Gujarat ni tiara. Kurusha tiara si sehemu ya ibada. Ni mchezo ulioshikamana na siku ile kwa sababu zilizo wazi. Tiara zilianza Uchina zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, kisha zikaenea Asia yote. Na mwezi wa Januari katika Gujarat mbingu haina wingu, jua la asubuhi ni tamu baada ya baridi, na upepo ni ule ule niliowaambia muuweke moyoni, upepo mkavu wa kaskazi. Upepo uliowaleta babu za wenye maduka kwetu ndio unaozipandisha tiara za jamaa zao waliobaki nyumbani. Wala msidhani kuwa serikali ya huko iliidharau tiara. Mwaka 1934 ilipotungwa sheria ya vyombo vya angani, tiara ilitajwa humo pamoja na ndege za injini na maputo. Sijapata kusikia bibi wa Ahmedabad aliyeomba hati ya kurusha chombo cha angani.

Tiara yao huitwa patang. Ni karatasi nyembamba ya rangi iliyokatwa pembe nne, na vijiti viwili vya mwanzi: kimoja kimenyoka katikati kama uti wa mgongo, cha pili kimepindwa kama upinde. Hapana mkia mrefu kama tiara za watoto wa kwetu. Kwa hiyo haitulii, huzunguka na kuchupa kwa kadiri mkono unavyoiongoza. Kazi ya kuzitengeneza hufanywa katika nyumba za watu maskini, wanawake kwa wanaume, mwaka mzima. Mmoja hukata karatasi, wa pili hubandika uti, wa tatu hupinda upinde, na tiara moja hupita katika mikono mingi kabla ya kufika sokoni. Wengi katika mafundi hao ni Waislamu wa mtaa wa Jamalpur na mingine ya jirani, na wanunuzi wengi ni Wahindu. Hata mzee mmoja fundi aliniambia kwamba mwezi wa Januari hapana mtu katika Ahmedabad amwulizaye mwenzake dini yake, ila humwuliza bei.

Lakini habari yote iko katika uzi. Niwaeleze vizuri.

Tiara za Ahmedabad hazirushwi ili zitazamwe tu. Hurushwa ili zipigane. Mtu huipeleka tiara yake mpaka uzi wake uvuke uzi wa mtu mwingine, na hapo vita huanza. Wako waushindao uzi wa adui kwa kuvuta upesi, na wako washindao kwa kulegeza, wakiuacha uzi wao utiririke juu ya ule mwingine kama msumeno. Uzi mmoja hukatika, na tiara yake huenda na upepo. Hapo watu wa dari nzima hupiga kelele, Kaipo chhe! Nimekata! Na tiara iliyokatwa ni halali ya yeyote atakayeinasa. Watoto hukimbia vichochoroni na fito ndefu zilizofungwa matawi ya miiba nchani, macho juu, wala hawaangalii gari wala shimo.

Sasa uzi wa pamba mtupu haukati kitu. Kwa hiyo uzi hutiwa makali. Majuma machache kabla ya sikukuu hufika mafundi, wengine hutoka mbali kama Bareilly katika nchi ya Uttar Pradesh, mji uliojulikana kwa kazi hiyo. Husimamisha miti kando ya barabara, wakatandaza nyuzi nyeupe kutoka mti mmoja mpaka mwingine. Kisha hutwaa wali uliopikwa ukapondwa kama ugali, wakauchanganya na rangi na vioo vilivyosagwa mpaka vikawa unga. Fundi hushika tonge la uji huo mkononi, akatembea akiupaka uzi, huenda na kurudi, mara nyingi, mpaka jua limeukausha. Vidole vyake amevifunga vitambaa, lakini nimeitazama mikono yao, nayo ina makovu kama mikono ya wachimba mawe. Uzi uliokauka huzungushwa katika kigurudumu chenye vishikio viwili, ukauzwa kwa var, ndiyo sisi tusemavyo wari. Mtu mmoja hununua wari elfu mbili, elfu tano. Huo ndio uzi uitwao manja.

Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu aliyekwisha kustaafu. Nilimwita Kaka, kama watu wote wa pol walivyomwita. Kwetu ni ndugu, lakini kwao neno hilo ni baba mdogo. Kaka alikuwa mtu mpole, hali nyama wala samaki, na kila asubuhi alikwenda kwenye chabutro na kikapu cha mtama. Siku ya sikukuu aliniamsha mapema akanipandisha juu kwa ngazi, akanipa kazi ya kushika kigurudumu cha uzi, maana ndiyo kazi ya mgeni asiyejua kitu. Kulipopambazuka nikaona mji mzima uko juu ya nyumba. Kila dari ina watu, na mbingu imejaa tiara nyekundu, kijani, manjano, nyeupe, hata huwezi kuzihesabu. Tulikula vipande vya ufuta na karanga vilivyogandishwa kwa sukari guru, tukatafuna miwa. Adhuhuri wanawake walileta jalebi na undhiyu, mboga za wakati wa baridi zilizopikwa pamoja chunguni: maharagwe mabichi, viazi vitamu, viazi vikuu, ndizi mbichi na biringani ndogo. Zamani chungu hicho kilipinduliwa na kufukiwa motoni, na jina lenyewe limetokana na kupinduliwa huko. Usiku watu waliinua tiara nyeupe, na katika uzi wake wakatungika vitaa vya karatasi vyenye mishumaa ndani, kimoja juu ya kingine, vikapanda gizani kama ngazi ya moto. Nawaambieni kweli, sijaona kitu kizuri kama kile.

Lakini kabla ya usiku, yapata saa kumi na mbili kasorobo jioni, ndege walipokuwa wakirudi matuoni mwao, alianguka juu ya dari yetu ndege mweusi mwenye mdomo mrefu uliopinda, wa jamii ya kwarara. Uzi ulikuwa umemzunguka bawa, naye kwa kujitikisa alikuwa ameuvuta ukaingia mpaka mfupani. Watu wakanyamaza. Kaka aliweka uzi chini, akamfunika ndege kwa shali yake, akashuka naye. Nikamfuata. Huko mbele ya lango palikuwa na meza chini ya turubai, na vijana wawili na mganga wa wanyama, na masanduku ya karatasi yenye matundu, na katika kila sanduku ndege: njiwa, mwewe, bundi mmoja. Ahmedabad ina watu wengi wa dini ya Jain, ambao ni haramu kwao kuumiza kiumbe cho chote, nao tangu zamani wana mahali pa kutunzia wanyama wagonjwa. Na tangu mwaka 2017 serikali ya Gujarat hufanya kazi ya rehema iitwayo Karuna Abhiyan, kutoka tarehe 10 mpaka 20 Januari, yenye waganga na watu wa kujitolea katika kila wilaya, nao hupokea maelfu ya ndege. Kwarara wetu alishonwa, lakini yule mganga alituambia hataruka tena.

Tulipokuwa tukirudi nilitazama chabutro, nikamtazama Kaka. Hakusema kitu, nami sikuthubutu kusema.

Ndege si wao peke yao. Uzi uliokatika hushuka ukalala juu ya barabara, na mtu apitaye kwa pikipiki haumwoni. Kila mwaka husikika habari za watu waliokatwa shingo, na wengine hufa, hata watoto waliokaa mbele ya baba zao juu ya pikipiki. Kwa hiyo mwezi wa Januari waendeshao pikipiki huko hufunga kitambaa kinene shingoni, na wengi husimamisha mbele yao fimbo ya chuma iliyopindwa kama tao, ili uzi ushikwe nayo kabla ya kuwafikia. Katika mji wa Surat polisi wamepata kuzuia pikipiki zisipite madaraja ya juu siku za sikukuu. Tena wako waangukao kutoka juu ya nyumba, na wako wafao kwa kuondoa tiara katika nyaya za umeme.

Na jambo lililozidisha madhara ni uzi mpya wa nailoni. Watu huuita uzi wa Kichina, lakini mwingi hutengenezwa huko huko Bara Hindi. Bei yake ni rahisi, wala haukatiki upesi, na kijana mwenye uzi huo huwakata wenzake wote siku nzima. Pamba ikivutwa sana hukatika. Nailoni hunyoosha mwili wake ikazidi kukaza. Pamba ikianguka mtini mvua na jua huiozesha. Nailoni hubaki miaka. Mwezi wa Januari mwaka 2017 serikali ya Delhi iliupiga marufuku uzi wa nailoni, na uzi wo wote uliotiwa kioo au chuma pia, ikaruhusu pamba tupu. Mwezi wa Julai mwaka huo huo mahakama ya Bara Hindi ihukumuyo mambo ya mazingira iliukataza uzi wa nailoni katika nchi nzima. Amri ni nzuri. Lakini uzi ni kitu chembamba, hufichwa chini ya magunia ya unga, na kila mwaka polisi hukamata marobota yake wakijua kuwa mengine yamepita.

Mnaweza kusema: Basi na ikatazwe sikukuu yenyewe. Jambo hilo lilipata kufanyika. Katika Lahore, mji wa Pakistani, palikuwa na sikukuu kubwa ya tiara iitwayo Basant, mwanzo wa masika yao. Watu walikufa kwa nyuzi mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2005 Mahakama Kuu ya nchi ikakataza tiara. Kwa miaka mingi mbingu ya Lahore ilikuwa tupu siku ile, na mafundi wa tiara wakatafuta kazi nyingine. Mimi sioni kuwa lilikuwa jambo la kufurahia, ingawa mzazi aliyezika mtoto wake ana haki ya kunijibu.

Sasa nitawaambia lililotokea katika pol yetu mwaka wa pili. Siku chache kabla ya sikukuu, mjukuu wa Kaka, kijana wa miaka kumi na mitano, alirudi nyumbani na kigurudumu cha nailoni alichokificha ndani ya mkoba wa shule. Kaka alikiona. Nilidhani atampiga. Hakumpiga. Alitwaa papai bichi, akalitundika kwa kamba mlangoni, akamwambia kijana alete uzi wa manja ya pamba, na huo wa nailoni. Akamwamuru auvute uzi wa pamba juu ya papai, huku na huku. Uzi ulikwaruza ganda, ukatoa utomvu, kisha ukakatika. Akamwamuru kufanya vivyo hivyo kwa nailoni. Kwa kuvuta mara tatu nne uzi ulikwisha kuzama mpaka kwenye mbegu. Kijana akaacha mikono yake ikaning'inia. Kaka akamwuliza, "Shingo ya nani, mwanangu?"

Usiku ule wazee wa pol walikutana langoni, na papai lile lililetwa likawekwa katikati. Wakapatana mambo matatu: nailoni isiingie katika lango lao, mtu asirushe tiara mapema asubuhi kabla ndege hawajatoka kwenda malishoni, wala jioni wanaporudi, na siku ya tarehe 16 kila nyumba itoe mtu mmoja wa kuokota nyuzi. Hilo la mwisho lilikuwa na maana kubwa. Maana siku inayofuata sikukuu nayo hurushwa tiara, na jina lake ni Vasi Uttarayan, yaani Uttarayan ya kiporo. Kisha watu hushuka kazini, lakini nyuzi zilizobaki katika miti na nyaya huendelea kuwanasa ndege majuma mengi. Mimi nilikwenda na vijana kuziokota, tulijaza magunia.

Hapo langoni nilipata ujasiri nikamwuliza, "Kaka, na huu wa pamba je? Kwarara wa mwaka jana hakukatwa na nailoni." Baadhi ya wazee walikasirika. Mmoja alisema kuwa bila ya makali hakuna kukata, na bila ya kukata hakuna Uttarayan, na mgeni asiwafundishe wenyeji kucheza. Nafikiri alisema kweli kwa upande wake, maana mafundi wa manja nao wana watoto wa kulisha, na mchezo usio na mshindi huchosha upesi. Hata leo watu wa Ahmedabad hawajapatana juu ya jambo hili. Mimi mwenyewe naona saa walizoziweka zitaokoa ndege wengi zaidi kuliko amri za polisi, lakini siwezi kusema kuwa zinatosha. Kaka hakunijibu usiku ule.

Siku ya sikukuu tulipanda juu saa tatu, kama walivyopatana. Nikashika kigurudumu, nikaona uzi wake ni mweupe. Ulikuwa uzi wa pamba mtupu, usiotiwa kioo wala rangi. Tiara ya Kaka ilipanda vizuri, ikakaa angani kwa muda wa dakika tano, kisha kijana wa dari ya jirani akaikata kwa mvuto mmoja. Kaipo chhe! Watu wakacheka, na Kaka akacheka pamoja nao. Akafunga tiara ya pili, nayo ikakatwa. Akafunga ya tatu. Kufika wakati wa undhiyu alikuwa amekatwa tiara kumi na nne, yeye aliyekuwa bingwa wa pol ile wakati wa ujana wake, na kila mara alinigeukia akasema, "Lete nyingine."

Habari yangu ndiyo hiyo, wazee wangu. Mwenye swali na aulize.